Pikapu Iliyokataa Kumeza

Nyie vijana, kila mnapopita hapa uani mnaniuliza, bibi, ilikuwaje Usinge? Nikianza kusema, mmoja anacheka, mwingine simu inamlia, wa tatu anataka nirudie mwanzo kwa sababu alichelewa. Basi nimekaa nimeandika. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limepinda linyoosheni wenyewe. Yaliyotokea lakini msiyanyooshe. Yaacheni yalivyopinda.

Mjukuu wangu Shija, ambaye mimi namwita mume wangu mdogo, alipata mchumba Usinge, binti anaitwa Zena. Wanaume wa ukoo wetu walikwenda kuposa mara ya kwanza. Wakala kuku, wakarudi wakisema mambo ni mazuri. Nikauliza, wamejibu nini? Wakatazamana. Walikwenda mara ya pili, wakala mbuzi, wakarudi wamenenepa, jibu hakuna. Ndipo mshenga akatuletea maneno ya bibi yake Zena. Yule bibi kazaliwa huku kwetu Goweko, akaolewa kule akiwa kigori. Alisema hawezi kumtoa mjukuu wake kwa wanaume wanaokuja na matumbo matupu. Anataka aje bibi wa kijana mwenyewe, na aje amebeba asali ya Goweko kwa mikono yake, aionje kabla hajafa. Siku ikatajwa. Mjomba wa binti angetoka mbali kuja kukaa na wazee. Wazee wakiinuka kabla hatujafika, basi, binti aambiwe asisubiri tena.

Kwa hiyo mjue tulichokuwa tumebeba. Mimi nilibeba asali. Shija alibeba roho yake.

Goweko mpaka Kigwa

Mtasema, bibi, si mngepanda treni? Reli inapita Goweko na inapita Usinge. Nilisema hivyo hivyo. Babu yenu Maganga akasema treni haina zamu siku ile, na hata ingekuwa nayo, watu wanaokwenda kuposa hawashuki stesheni na ndoo kama wachuuzi. Wanafika na gari lao.

Gari lenyewe ni ile pikapu. Ina umri mkubwa kuliko baba yake Shija. Kila asubuhi babu yenu huifuta kwa kitambaa laini, huku akiisemesha. Mimi nimeolewa naye tangu nina meno yote, sijawahi kusemeshwa kwa upole ule.

Asali niliitoa kwenye dumu la manjano nikaitia kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko, maana asali ya wakwe haiendi na dumu. Ndoo nikaifunga kitambaa cheupe, nikaipakata mwenyewe. Babu yenu alijaza petroli ya akiba kwenye madumu, moja akalimimina kwenye tanki, moja akalifunga nyuma. Sikumwangalia. Nilikuwa na kazi ya kuchemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kula njiani.

Tulitoka vizuri. Kabla ya Kigwa, kwenye kamwinuko ambako hata baiskeli yenye gunia la mkaa inapanda, pikapu ikakohoa. Babu yenu akakanyaga, ikakohoa zaidi. Akaachia, ikanguruma vizuri. Yaani ikisimama, inanguruma. Ukiiambia twende, inakata roho. Nikamwambia Shija, hii imefanana na mwenyewe. Shija akatazama dirishani ili babu yake asimwone anacheka.

Tukaingia Kigwa tunajikokota, taa zinawaka na kuzimika, mimi nimekaa mbele nimejitanda kanga, nimepakata kitu kimefungwa kitambaa cheupe. Wanaume waliokuwa barazani wakasimama, wakavua kofia. Mama mmoja akakimbia mpaka dirishani, machozi yanamlengalenga, akasema poleni sana na msiba.

Nikamwambia, "Hakuna msiba, mama. Tunakwenda kuposa."

Akaitazama ile pikapu kuanzia taa za mbele mpaka nyuma. Akasema, "Basi poleni na posa."

Kigwa mpaka Tabora mjini

Tulikuwa tumeondoka siku moja kabla, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi bado. Gari lilikwenda kwa mtindo wa mtu mwenye kwikwi. Mjini tulipita dukani kwa Hasanali, yule Mhindi ambaye baba yake alikuwa akimuuzia babu yenu spea enzi zile. Babu yenu akamweleza ugonjwa. Hasanali akasema hiyo ni kabureta, na magari ya leo hayana kabureta, yana kompyuta inayoamuru mafuta yaingie kiasi gani. Akapanda ngazi, akashuka na gasketi moja yenye vumbi la miaka, akaipuliza, akampa babu yenu kwa mikono miwili.

"Lakini mzee," akasema, "hii gari sasa haitaki spea. Inataka dua."

Babu yenu hakusema naye mpaka tunatoka. Tulilala kwa binti wa dada yangu, tukala wali na maharage, na babu yenu akatoka kwenda kuangalia kama pikapu nayo imelala vizuri.

Tabora mpaka Urambo

Siku ya pili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kutoka Tabora barabara ni lami, laini kama mkeka. Pikapu ikakimbia mpaka Ndono, babu yenu akaanza kuimba. Alisema gari halikuwa na ugonjwa, lilikuwa halipendi vumbi. Nyimbo zilimwishia tulipokaribia Urambo. Kwikwi zikarudi, na safari hii likazima kabisa. Vijana wa bodaboda wakatusukuma mpaka kwa fundi.

Fundi huyo anaitwa Sefu. Kwa kabila ni Mzaramo, yaani mtani wetu. Nyie wa siku hizi hamjui utani ila wa kwenye simu. Wa kwetu ulianza wakati mababu zetu wakipita njia hii hii kwa miguu mpaka pwani, wamebeba mizigo kichwani, na Wazaramo wakawa wa mwisho kuwapokea na wa kwanza kuwacheka. Mtani anakutukana hukasiriki, anachukua kitu chako humdai.

Sefu alituuliza makabila, akasikia Wanyamwezi, akaweka spana chini ili afurahi kwa nafasi.

"Babu zenu walifika baharini na pembe ya tembo begani," akasema. "Nyie mna magurudumu manne, mmeshindwa kufika Kaliua."

Nikamwambia, "Walifika wakawakuta babu zenu wamelala chini ya minazi, wanasubiri waletewe. Wewe umekuja huku kufanya nini kama siyo kusubiri Mnyamwezi akuletee?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Ndipo akafungua boneti.

Sasa hapa nisikilizeni, maana nilimwambia Sefu anieleze kila anachogusa. Sipendi mtu aingize mkono kwenye kitu changu halafu aniambie hutaelewa. Alisema hivi. Petroli inatoka kwenye tanki, inavutwa na pampu, inaingia kwenye kibakuli kidogo cha kabureta. Ndani ya kibakuli kuna boya. Petroli ikijaa, boya linaelea juu na kuziba mlango. Ikipungua, boya linashuka na mlango unafunguka. Hapo nikaelewa, ni kama mtu mwenye adabu mezani, akishiba anafunika sahani.

Kutoka kwenye kibakuli petroli haisukumwi kwenda kwenye injini. Inavutwa. Juu yake kuna koo, pana huku na pana kule, jembamba katikati. Injini inavuta pumzi, hewa inapita pale pembamba kwa mbio, na inapopita mbio inaivuta petroli kupitia kitundu kinachoitwa jeti, ikatoka kama mvuke, ikachanganyika na hewa, ndiyo inayowaka. Shija akasema haamini, hewa inapitaje juu ya kitu ikakivuta badala ya kukisukuma? Nikamuuliza, pazia la chumba changu kinachotazama uchochoro, upepo ukipita kwa nguvu uchochoroni pazia linakwenda wapi? Akafikiri. Linatoka nje, akasema. Nikamwambia basi, lini umemwona mtu analivuta.

Sefu akasema kama kitundu cha jeti kimezibwa, injini inavuta hewa tupu. Ikisimama haihitaji kingi, inanguruma. Ukitaka iende, inakosa cha kula. Akafungua kibakuli, akakuta chini yake utando wa kahawia unaonata. Akasema petroli ikikaa sana inaacha utomvu. Akauosha kwa petroli, akapitisha waya kwenye jeti, akapuliza, akarudisha. Kuhusu chujio la mafuta, akauliza liko wapi. Babu yenu akasema alilitoa zamani, lilikuwa linachelewesha mafuta. Sefu akanitazama mimi, hakumtazama yeye, kama mtu anayempa pole mjane.

Pikapu ikawaka. Babu yenu akachukua dumu la akiba, akalimimina lote kwenye tanki, akaliinamisha mpaka tone la mwisho kama anamnywesha mgonjwa. Sefu hakutaka malipo ya kutaja. Alimvua babu yenu kofia yake ya kiua, akaivaa, akasema tutaikuta tukirudi na habari njema, na tukirudi bila habari njema ataizika.

Kaliua

Tulisimama kunywa chai tu. Nikatoa matobolwa, na karanga nilizokaanga na chumvi. Ndipo mshenga akapiga simu. Nilimsikia mwenyewe, maana Shija aliweka sauti ya nje. Wazee wamekaa. Chakula kimeliwa. Mjomba mtu anatazama saa, na mkoba wake ameshauweka karibu na mguu.

Shija alikuwa ameshika kipande cha tobolwa. Akakirudisha kwenye bakuli taratibu. Huyu ni mtoto ambaye tangu ameota meno sijamwona anarudisha chakula. Nikafunga bakuli, nikasema twende.

Kaliua mpaka msituni

Usinge ilikuwa imebaki kidogo. Pande zote mbili miti, mizinga imening'inia kwenye miyombo, hakuna nyumba. Pikapu ikapiga kwikwi moja kubwa, ikanyamaza.

Babu yenu alikuwa amemtazama Sefu akifanya kazi, kwa hiyo sasa yeye ni fundi. Akafungua kabureta, akaweka kibakuli juu ya jiwe, jeti pembeni yake. Ule utando wa kahawia umerudi, mnene kuliko wa kwanza. Akauosha kwa petroli. Haukutoka. Akausugua kwa kidole, haukutoka, ukamganda kidoleni. Petroli ikakauka kwa jua. Sisi watatu tukabaki tunakitazama kile kibakuli kama watu wanaosubiri kitoe hotuba.

Nyuki akaja. Akazunguka, akatua ukingoni mwa kibakuli. Akaja wa pili.

Nikasema ondokeni wote. Nikachovya kidole, nikaonja. Mbele ilikuwa petroli, nyuma ilikuwa asali. Nikatema, nikasukutua kwa maji, nikamgeukia babu yenu.

"Maganga. Petroli uliitia kwenye dumu gani?"

"La manjano."

"Nililotoa asali?"

"Hilo, na lile jingine la asali lililokwisha mwezi ule. Yalikuwa matupu."

"Hukuyaosha?"

Akanyooka. Akafuta mikono yake kwenye kile kitambaa laini. "Mama Mihambo," akasema, "nani katika nyumba ile aliweka amri kwamba dumu la asali lisiguswe na tone la maji, na atakayelitia maji asikae kwake? Mimi nilitii."

Mnaijua amri hiyo. Wote mmekua nayo. Maji yakiingia kwenye asali, asali inachachuka, ndiyo maana madumu yetu hayaoshwi. Nilitazama miti. Kuna miyombo mizuri sana sehemu ile.

Nilipomaliza kutazama miti nikawaeleza. Petroli haiyeyushi asali hata ukiiosha mpaka kesho. Asali ni nzito, inazama chini, na chini ndiko jeti iliko. Lami ilikuwa inaibembeleza, mashimo yalikuwa yanaitikisa. Kinachotoa asali ni maji ya moto. Maji ya kunywa tulikuwa nayo kidogo, lakini nani awashe moto mahali ambapo hata babu yenu ananuka petroli? Shija akasema atajaribu kumpigia mtu. Akaenda mbali na simu yake, akazungumza akiwa ametupa mgongo.

Haukupita muda mrefu ikaja bodaboda kutoka upande wa Usinge. Nyuma yake binti, kajifunga kanga mpaka kwenye nyusi, kashika chupa mbili za chai. Nyie mmeshajua ni nani, acheni kucheka. Mimi sikujua. Nilijua mchumba siku ya posa anafungiwa ndani, haonekani na watu wa upande wa pili mpaka aitwe. Shija akasema huyu ni mpita njia, ana maji ya moto. Shija, ambaye mdomo wake haufungwi hata akilala, baada ya hapo hakusema neno.

Binti akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leta chupa. Mikono yako safi? Shika hapa."

Alishika. Tulimwaga maji ya moto kwenye kibakuli, asali ikaachia yenyewe bila ugomvi. Jeti tukaitumbukiza, tukaipuliza, ukaona mwanga upande wa pili. Babu yenu akalala chini ya tanki, akalegeza nati ya chini, na binti akakinga dumu mpaka ile nzito ikaisha na petroli safi ikaanza kutoka. Ilimmwagikia mikononi, hakulalamika. Tukafuta kila kitu kwa pindo la kanga yangu, tukavianika juani mpaka vikakauka, maana maji nayo petroli haiyataki.

Tukiwa tunasubiri kukauka nikamweleza safari yetu. Mkiwa njiani na mtu hamjuani, mdomo unalegea. Nikamwambia tunakwenda kwa bibi mmoja ambaye naambiwa ulimi wake unakata kuliko wembe. Na binti mwenyewe sijamwona, wa siku hizi wavivu, sijui kama hata maji ya kuoga atanichemshia.

Akainamisha kichwa. "Namfahamu kidogo, bibi. Si mvivu sana. Kuamka tu ndiko kunamshinda."

Nikamwambia Shija, umesikia? Shija akawa anatazama tairi.

Nikasema pikapu isipowaka mara hii, napanda hiyo pikipiki na ndoo yangu mapajani, na Maganga abaki na mke wake wa chuma. Babu yenu akavuta choki, akawasha. Ikanguruma. Akaiambia twende, ikaenda. Nilipogeuka kumshukuru binti, bodaboda ilishatimua vumbi mbele yetu.

Usinge

Tulikuta viti vimeanza kukusanywa. Wazee wamesimama, wanatafuta viatu vyao. Mjomba mtu ameshatundika mkoba begani. Mtu mmoja tu alikuwa bado amekaa, bibi mdogo, mweusi, mkavu kama kuni njema, juu ya kigoda katikati ya ua. Baadaye waliniambia alikuwa akisema sinyanyuki, na mkininyanyua nitapiga kelele.

Nikashuka, nikavua viatu, nikapeleka ndoo kwa mikono yangu mpaka mbele yake. Nikafunua. Hakusalimu. Alichovya kidole, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Nilimtazama Shija: alikuwa ameshika mlango wa pikapu, na wala sijui kama alikuwa anapumua.

"Muyombo," yule bibi akasema. Akachovya tena. "Na upande wa mtoni, maana ina uchungu kidogo mwishoni. Baba yangu alikuwa na mizinga huko." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa upande wa mkono. "Mwambieni mjomba aweke mkoba chini."

Viti vikarudi. Maneno yakasemwa na wanaume, marefu, mnayajua. Mimi nilikuwa nasubiri jibu, na jibu likatoka: wamekubali. Ndipo binti akaitwa. Akatoka ndani kajifunika kanga mpya, akapiga goti mbele yangu, akanipa mikono yote miwili. Mikono ya bibi arusi ilikuwa inanuka petroli.

"Shikamoo, bibi," akasema chini kwa chini. "Mvivu ndiye mimi."

Yule bibi juu ya kigoda akajisogeza. "Na wembe," akasema, "ndiye mimi."

Vijana, mimi ni mtu mzima, nimezika watu, nimelea watu, nimegombana na mwenyekiti wa kijiji mbele ya watu. Siku ile nilitafuta pa kuweka uso nikakosa. Yule bibi alicheka mpaka akashikwa kikohozi, nami nikacheka, na kuanzia hapo tulikaa kigoda kimoja tukinong'ona mpaka wali unaletwa. Alisema mjukuu wake alitoka kwa dirisha la nyuma, na yeye alimwona, akageukia ukuta.

Kurudi

Urambo tulisimama kwa Sefu. Nilimpelekea bakuli la asali, nikamwambia ndiyo utomvu wako huu, mtani, oshea kwa petroli. Alirudisha kofia. Alisema babu zetu walikwenda na asali kichwani, hawakujua kwamba mjukuu wao atakuja kuinywesha injini.

Harusi imepita, Zena yuko hapa, na bado anachelewa kuamka, hakunidanganya. Babu yenu kila akimwona anamwita mke wangu, anamsifu kwamba ndiye mwanamke pekee aliyewahi kushika dumu chini ya pikapu yake. Mimi namsikia, sisemi.

Nilichosema nilikisema siku ile ile tuliyoshuka hapa nyumbani, mbele ya wote, na sasa naandika ili asitokee wa kusema hakusikia. Dumu la asali haliguswi na maji. Hiyo haijabadilika. Madumu ya petroli yatafungwa kamba nyekundu na yatakaa nje, upande wa pikapu. Na tangu harusi, ufunguo wa chumba cha asali nimempa Zena. Maganga akihitaji dumu, la manjano au la rangi yoyote, asichukue: aende akapige hodi mlangoni kwa mke wa mjukuu wake, aombe, na asubiri mpaka aamke.